Njia ya Mbegha: Kutoka Unguu hata Vuga

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na za Wainka waliotawala milima ile zamani. Kila mwaka wageni wengi huenda nchi ya Peru, wakabeba mizigo yao migongoni, wakafuata kwa miguu njia ya mawe mpaka magofu ya Machu Picchu, mji uliojengwa katika karne ya 15 na kuachwa katika karne iliyofuata. Wanafunzi wetu nao huziona picha za kuta zile katika vitabu vyao, na wakiisha kuziona huuliza: Mbona sisi hatuna magofu kama yale? Je, wazee wetu hawakuwa na miji wala wafalme?

Mwalimu asilipuuze swali hili. Mtoto akidhani ya kuwa kwao hakukutendeka jambo lo lote kabla ya kuja reli, atawadharau babu zake, na akiisha kuwadharau hatawauliza neno. Kwa hiyo tumeona yafaa kulijibu, na jibu tumelitafuta papa hapa katika wilaya za Handeni na Korogwe. Kwani hapa pia ipo njia ya kale ipitayo milimani, na mwisho wake ulikuwako mji wa mfalme. Tumeifuata kwa vipande, mahali pengine kwa gari na mahali pengine kwa miguu. Tutaeleza kwanza habari yake, kisha yaliyosalia.

*Mwindaji kutoka Unguu*

Njia yenyewe ni ile ambayo wazee husema kwamba Mbegha aliipita. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika kitabu chake Habari za Wakilindi, kilichopigwa chapa na misioni ya UMCA kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Baadaye mwanachuoni Steven Feierman alikaa Usambara katika miaka ya 1960, akasikiliza masimulizi ya wazee wengi, na mwaka 1974 akatoa kitabu juu ya ufalme wa Wasambaa. Masimulizi hayapatani katika kila neno, lakini mwendo wa safari ni mmoja.

Mbegha alikuwa mwindaji, mtu wa milima ya Unguu iliyo magharibi ya Handeni. Alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa sababu hiyo ndugu zake walimnyima urithi wakamfukuza. Akaja Kilindi, nchi ambayo siku hizi ina wilaya yake, iliyotengwa na Handeni mwaka 2002. Hapo akapatana na mtoto wa mkuu wa nchi, wakawa wakiwinda pamoja. Lakini siku moja kijana yule akauawa na nguruwe mwitu, naye Mbegha akakimbia kwa kuiogopa hasira ya baba. Kwa kuwa alitoka Kilindi, uzao wake wote ukaitwa Wakilindi.

Akashuka nyika ya Uzigua pamoja na mbwa wake, akauvuka mto Ruvu, ambao watu wa pwani huuita Pangani, akapanda milima upande wa Bungu akafika Zirai. Hapo akakaa porini akiua nguruwe walioharibu mashamba ya watu. Nyama aliwagawia wenyeji, nao wakampa chakula cha mashamba yao. Sifa yake ikaenea. Watu wakaanza kumletea magomvi yao awaamue. Wa Bumbuli wakamwita, wakampa mke. Halafu wazee wa Vuga wakaja kumchukua. Na usiku mmoja njiani akaua simba. Kwa hiyo mfalme wa Usambara huamkiwa kwa jina la Simba Mwene hata leo katika masimulizi.

Wanahistoria huziweka siku za Mbegha katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Feierman ameonyesha kwamba hadithi hii haikusudiwi kutoa tarehe tu, bali yafundisha maana ya ufalme: mtu wa mwituni, mla nyama, asiye na kwao, anafanywa mtu wa nyumbani kwa kupewa chakula cha shamba, na mke, na mwisho nchi. Lakini hata tukisema ya kwamba sehemu fulani ni mafumbo, njia yenyewe si fumbo. Unguu upo, Kilindi ipo, Ruvu wapita Korogwe, na Bungu, Bumbuli na Vuga ni mahali ambapo mtu aweza kusimama leo.

Hapa twaomba waalimu na mapadre waangalie neno moja. Desturi ya kuwaogopa vigego, na mara nyingi kuwaua, ilikuwako katika makabila yetu, Wazigua, Wabondei na Wasambaa, na waliotutangulia katika kazi ya Injili walishindana nayo kwa machozi. Walio wengi walidhani hoja zao zote lazima zitoke katika Biblia. Kumbe wenyeji wenyewe walikuwa na hadithi, iliyosimuliwa mbele ya wafalme, ya kigego aliyetupwa na ndugu zake akawa baba wa watawala. Mwalimu ambaye angaliijua hadithi ile angalikuwa na neno la kuwaambia wazee kwa kinywa cha wazee wenzao.

*Mji wa Vuga*

Wasambaa huigawa nchi mara mbili: shambaai, yaani milimani penye baridi, mvua na migomba, na nyika, yaani uwanda wa joto, miiba na homa. Mtu atokaye Handeni huona maana ya maneno haya kwa miguu yake. Nyuma ameacha nchi kavu ya Wazigua ambako mvua ikikosa njaa huja upesi; mbele yake, ng'ambo ya mto, milima husimama kama ukuta wa buluu, na mawingu yamekaa juu yake. Akipanda saa chache tu hewa hubadilika, vijito hulia kila bonde, na migomba hufunika mabavu ya milima. Haishangazi kwamba watu wa chini walitazama juu kwa tamaa, na kwamba mfalme wa juu aliheshimiwa kuwa mwenye uwezo wa mvua.

Vuga ilikuwa karibu na ukingo wa milima, upande wa kusini magharibi. Mji ulifikia utukufu wake zamani za Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala muda mrefu hata kufa kwake mwaka 1862. Wanawe aliwaweka kuwa mazumbe wa nchi mbalimbali, na ng'ombe na vyakula vya kodi vilipanda Vuga kutoka kila upande, na amri zikashuka. Mwaka 1848 alifika Ludwig Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, akampata mfalme na kupokewa vema. Akarudi tena mwaka 1852. Mwezi wa Februari 1857 walipanda Richard Burton na John Speke wakitoka Pangani. Burton aliandika kwamba mji ulikuwa na nyumba kama 500, za mviringo na zenye kuezekwa nyasi, na watu walioambiwa kuwa kama 3,000. Na mfalme alikuwa mzee mgonjwa, akitaka dawa kwa wageni wake. Wageni hawakuruhusiwa kukaa ndani ya mji. Mwaka 1867 Padre Alington wa UMCA naye alifuata njia ya Vuga kuomba ruhusa kwa watawala, na kwa ruhusa ile misioni ilianza Magila mwaka 1868. Hivyo kanisa letu katika nchi hizi lilipita kwanza katika lango la mji ule.

Basi mtu apandaye Vuga leo ataona nini? Ataona mashamba, migomba, nyumba za watu, na makanisa. Hataona ukuta wa mfalme, wala ngazi za mawe, wala mnara. Nguzo zilikuwa miti, kuta zilikuwa udongo, mapaa yalikuwa nyasi. Vitu hivyo vyote hurudi ardhini katika miaka michache. Mgeni aliyezoea magofu ya mawe atageuka na kusema, Hapana kitu hapa.

*Jinsi utukufu ulivyoshuka uwandani*

Mji haukuanguka kwa mvua na mchwa tu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilipita chini, kando ya mto Ruvu na miguuni pa milima, nayo ilileta bunduki na baruti. Semboja, mwana mmojawapo wa Kimweri, hakukaa juu, bali alijenga Mazinde uwandani, penye njia ya misafara. Kwa biashara ile alipata bunduki nyingi kuliko mfalme wa Vuga. Alipokufa Kimweri, ufalme ukaachiwa mjukuu, Shekulwavu, naye Semboja akampiga vita hata akamtoa Vuga. Wabondei wakaasi katika miaka ya mwisho ya 1860, wakawafukuza Wakilindi katika nchi yao. Vita ile waliiita Kiva.

Yatupasa kusema kweli juu ya sababu. Katika siku zile mazumbe walikuwa wamekwisha anza kuwauza raia zao wenyewe ili wapate bunduki. Mfalme wa kwanza, kama isemwavyo, alipata nchi kwa kugawa nyama. Wajukuu zake waliipoteza kwa kuuza watu. Mwalimu akisimulia utukufu wa Vuga asiifiche sehemu hii, kwani mtoto akigundua baadaye kwamba amefichwa, hatasadiki hata ile iliyo njema.

Kisha wakaja Wadachi. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, aliyekuwa akitawala Vuga. Reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905, na mashamba ya katani yakaenea uwandani. Tangu hapo soko, kazi na serikali vyote vilikuwa chini, na njia ya mlimani ikawa njia ya watu waendao sokoni. Utawala wa machifu wenyewe ulifutwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1963.

*Yaliyosalia*

Hata hivyo si kweli kwamba hapana kilichosalia. Tumeona vitu vya namna tatu, na twavitaja ili waalimu wavitazame mahali pao.

Kwanza ni vitu vya ardhini. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alitafuta vigae vya vyungu vya kale katika Usambara na Upare, akaona vyungu vya namna ileile iliyopatikana Kwale karibu na Mombasa, kazi ya wakulima na wafua chuma wa karne za kwanza baada ya Kristo. Baadaye Jonathan Walz alitembea njia za misafara ya bonde la Ruvu, akachimba mahali mbalimbali, mojawapo ni Kwa Mgogo karibu na Mombo katika wilaya ya Korogwe. Huko vilionekana shanga na vitu vya baharini vilivyofika bara karne nyingi kabla ya misafara ya Waarabu na Waswahili tuliyozoea kuisoma. Maana yake ni kwamba watu wa bonde hili walikuwa wakifanya biashara na pwani kabla hajazaliwa Mbegha. Kigae ambacho mtoto hukipiga teke akienda shuleni chaweza kuwa na umri mkubwa kuliko Machu Picchu.

Pili ni majina ya mahali. Katika Kilindi uko mji uitwao Kwediboma. Mwenye kujua Kizigua hahitaji kufasiriwa: ni mahali penye boma. Wazigua hawakuwa na mfalme mmoja. Kila kijiji kilikuwa na mkuu wake, na zamani za vita vijiji vilizungushiwa maboma ya miti na vichaka vizito. Miti ile imeoza, lakini jina halikuoza. Vilevile mahali pengi katika Handeni huanza kwa Kwa, kama Kwamkono, na mara nyingi ndani ya jina kama hilo limelala jina la mtu aliyekaa hapo kwanza. Orodha ya vijiji vya tarafa moja ni kama kitabu cha habari, ila kurasa zake husomwa na wazee tu.

Tatu ni lugha yenyewe. Wataalamu wa lugha huziweka Kizigua, Kinguu, Kibondei na Kisambaa katika kundi moja, wakaliita Seuta, kwa jina la babu anayetajwa katika masimulizi. Jina hilo maana yake ni baba wa upinde, na ni jina la wawindaji. Lugha hizi ni ndugu, na udugu wao ni ushahidi wa njia zilizopitwa na watu kabla ya kuandikwa cho chote. Wala nguvu ya ushahidi huu haina mpaka wa nchi. Katika karne ya 19, njaa ilipoipiga Uzigua, watu wengi walipelekwa kwa majahazi mpaka Somalia wakafanywa watumwa. Baadaye waliokimbia wakakaa katika bonde la mto Juba. Hawakuchukua jiwe wala chungu cha kwao, ila walikichukua Kizigua. Vita ilipoiharibu Somalia mwaka 1991 na baadaye, baadhi ya wajukuu wao walikuja Handeni, wakakaa Mkuyu, kisha Chogo. Walikuwa wamezaliwa mbali, miaka zaidi ya mia baada ya kuondoka kwa babu zao, nao wenyeji wakayafahamu maneno yao. Ni mji gani wa mawe ungaliweza kuwashuhudia hivi?

*Mafundo yasiyo na msomaji*

Sasa turudi kwa Wainka. Nao hawakuwa na maandiko. Hesabu zao na mambo ya serikali waliyashika kwa nyuzi zenye mafundo, ziitwazo khipu, na walikuwako watu waliofundishwa kuzisoma. Barabara zao zilipita milimani zaidi ya kilometa 30,000, na mwaka 2014 zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini Wahispania walipoiteka Cuzco mwaka 1533, ufalme ukavunjika, na wasomaji wa mafundo wakafa mmoja mmoja. Leo nyuzi nyingi zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Hesabu zake zaweza kusomwa, lakini maneno mengine ambayo huenda yamo hapana awezaye kuyatamka kwa hakika. Kadhalika Machu Picchu. Kuta zimesimama, lakini habari za watu waliokaa ndani zilipotea kiasi cha wataalamu kubishana miaka mingi kama ulikuwa ngome, au mahali pa ibada, au, kama wengi wanavyoona sasa, makao ya mfalme Pachacuti. Mwaka 1911 Hiram Bingham alipofika pale aliongozwa na mkulima wa kule, na wakulima wengine walikuwa wakilima katika matuta yale. Na bado ulimwengu ukasema ya kwamba mahali pamegunduliwa na mgeni.

Basi tuupime urithi wetu kwa haki. Huko mawe yako, na habari nyingi zimepotea. Kwetu mawe hayako, na habari bado ziko: tunajua jina la mwindaji, njia aliyoipita, sababu ya kufukuzwa kwake, majina ya wafalme waliomfuata, na makosa yao. Mwanafunzi akiuliza, Magofu yetu yako wapi? ajibiwe kwamba yako katika vinywa vya wazee wake. Lakini aambiwe pia kwamba magofu ya namna hii huanguka upesi kuliko ya mawe. Ukuta wa Machu Picchu ulingoja miaka 400 katika msitu na haukudhurika sana. Mzee wa Bungu au wa Kwediboma hangoji. Akizikwa leo na jambo alilolijua peke yake, kesho tutakuwa kama washikao nyuzi zenye mafundo wasijue kuzisoma.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa waalimu na mapadre wa vituo vyote kati ya Unguu na Vuga, nalo halihitaji fedha. Kila mwalimu atwae daftari, aandike majina ya vijiji, vilima, vijito na miti mikubwa ya mahali pake, na kando ya kila jina sababu yake kama wazee wasemavyo. Aandike kwanza kwa Kizigua au Kisambaa, kwa maneno yaleyale aliyoambiwa, ndipo afasiri kwa Kiswahili. Wazee wawili wakipingana aandike maneno ya wote wawili, wala asijifanye mwamuzi kati yao. Asiwaulize wanaume tu, wala wa ukoo wa Wakilindi tu. Raia na wanawake huikumbuka nchi kwa namna nyingine. Wanafunzi wakiokota vigae au shanga shambani, wasivikusanye wala kuchimba zaidi, kwa kuwa kitu kikiisha kutolewa mahali pake nusu ya habari yake imepotea, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 yalinda vitu hivyo. Bali mahali paandikwe, na wenye mamlaka wapewe habari.

Kisha, penye nafasi, mwalimu awachukue wanafunzi wake wakubwa siku moja, wapande kwa miguu kipande cha njia hii kilicho karibu nao, na mzee mmoja awatangulie. Watakapofika juu na kugeuka kuitazama nyika ya Handeni ng'ambo ya mto, waulizwe: Mtu aliyefukuzwa na ndugu zake alipoona nchi hii mara ya kwanza, alitafuta nini? Tumeona kwamba baada ya siku kama hiyo wanafunzi hurudi nyumbani na maswali kwa babu na bibi zao, na hilo ndilo tulilolitaka.